Kibanda cha darubini kileleni, upande wa milima ya Chenene, Dodoma: tetemeko tulihofu kiasi gani?

Mwalimu_wa_Fizikia: Wakuu, mbukwenyi. Klabu yetu ya nyota hapa shuleni imepata darubini ya inchi 8, tunataka kuijengea kibanda juu ya kilima. Anga la Dodoma mwezi wa saba mnalijua, wingu la kutafuta. Ila mzee mwenye eneo kaniambia, "Mwalimu, Novemba 2002 vyungu vilidondoka vyenyewe kichanjani." Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka mabati yalivyolia na bibi akatukokota nje. Je, kileleni panatikisika kuliko bondeni? Naanza kupima na nini?

Mtu_wa_Miamba: Mwalimu, lile la tarehe 4 Novemba 2002 lilikuwa na ukubwa wa 5.5. Tuko mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa, na nyufa za ardhini zinakozaliwa matetemeko, kama za Bubu na Hombolo, zipo. Jiwe gumu hutikisika kidogo kuliko udongo wa mbuga, lakini kilele chembamba hukuza mtikisiko, kwa hiyo usijenge ukingoni. Kisha tazama mawe yaliyobebana. La juu likiwa limekaa kwa kuibia na halijaanguka miaka yote hiyo, mtikisiko mkali haujapita hapo karibuni. Yaliyoanguka yasikutishe peke yake, mvua nayo huangusha. Ramani za miamba waulize Taasisi ya Jiolojia, wako hapahapa mjini.

Fundi_Nondo: Kibanda si tatizo, tatizo ni kilichomo. Hawaii, Oktoba 2006, tetemeko la 6.7 lilizifikia darubini za Keck juu ya mlima Mauna Kea. Vioo vikubwa vilipona, mitambo ya kuzungushia ikaumia. Nguzo ya zege ishike mwamba wenyewe, isigusane na sakafu. Darubini ifungwe mkanda kila mkimaliza, na lenzi msiziweke rafu ya juu.

Mwalimu_wa_Fizikia: Jumamosi tulipanda, mimi na wanafunzi wanne. Tumekuta jiwe kubwa kuliko gari la Noah limekalia jingine padogo kama meza. Kijana mmoja akaliegemea, likasema "ko!" Pimbi watatu wakachomoka chini yake, na sisi nyuma yao. Upande wa magharibi yapo matatu yameanguka, ila palipovunjika pameshakuwa peusi na pana ukoga.

Mtu_wa_Miamba: Basi hayo yaelekea ni ya kale, si ya 2002. Ila huyo kijana asirudie!

Mwalimu_wa_Fizikia: Ameshaadhibiwa na pimbi. Kibanda tumekirudisha hatua arobaini kutoka ukingoni. Sasa saruji: mzee anatoa punda wake, mfuko mmoja kila safari.