Wazee wanaitikia "ndiyo sista", mwezi ujao presha iko pale pale. Tubadilishe nini?

Sista_wa_Jumatano
Ndugu zangu, naomba ushauri. Kituo chetu cha afya ni cha ngazi ya tatu, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kila Jumatano tunapokea wazee 30 hadi 40, wengi wa presha na kisukari, na wauguzi tuko wawili. Asubuhi tunatoa somo la nusu saa pale uani: chumvi, mazoezi, dawa. Wote wanaitikia. Wakirudi, presha haijashuka, vidonge vimebaki nusu, na hakosi aliyeanguka. Wengine tunaelewana kwa Kiswahili, wengine ni Kilugbara kupitia mjukuu. Tuanzie wapi?

Mkongojo
Anzia masikioni. Uzeeni sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza: s, f, sh, t. Mzee anasikia kwamba unaongea, ila "saa sita" inamfikia kama "aa ia". Ukipaza sauti ndiyo inazidi kuwa nyembamba, na anaona unamkaripia. Ataitikia ndiyo ili yaishe. Teremsha sauti iwe nzito, punguza mwendo, kaa mbele yake kama mita moja, macho yenu yawe usawa mmoja. Mwanga wa dirisha uangukie uso wako, usiwe nyuma yako, maana anasoma midomo hata kama mwenyewe hajui. Asiposikia, usirudie maneno yale yale. Sema kwa maneno mengine.

Na umulike masikio yenyewe. Nta iliyoziba inaondoka kwa matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni kwa siku kadhaa, mradi sikio halitoi usaha na ngoma haijatoboka. Vijiti vya pamba huisukuma ndani zaidi.

Bi_Vipimo
Kabla ya kusema presha haishuki, tazameni mnavyoipima. Mzee aliyetembea kilomita tatu na kufungwa mkanda wa kupimia papo hapo, mkono unaning'inia, miguu amekunja, kibofu kimejaa, huku mnamuuliza habari za nyumbani: kila kimoja kati ya hivyo kinapandisha namba. Apumzike dakika 5, mgongo uegemee, nyayo zikanyage chini, mkono ulale mezani usawa wa moyo, kimya. Mkanda mdogo kwa mkono mnene nao unadanganya kwenda juu.

Kwa aliyeanguka, pima amelala dakika 5, kisha amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, umepata sababu mojawapo ya kuanguka. Huyo msimwongezee dawa kwa kuona namba ya kwenye kiti tu. Mpelekeni kwa daktari au kliniko ofisa (tabibu) azipitie upya dawa zake.

Kopo_la_Dawa
Waambieni waje na kila wanachomeza, kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), pamoja na vya dukani na mizizi. Mkifungua mtakuta diklofenaki ya magoti, ambayo inapandisha presha na kuumiza figo na tumbo. Mtakuta piritoni ya mafua, inayomlevya mzee usiku akajikwaa akienda chooni. Wa kisukari akiwa na glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, ulizeni anakula mara ngapi. Asiyekula mchana sukari inaweza kushuka vibaya, na Ramadhani ndiyo hatari zaidi. Mpango wa mfungo lazima uzungumzwe kabla ya mwezi kuandama.

"Mara mbili kwa siku" haimwambii kitu. Fungeni dawa kwenye jambo analolifanya tayari: baada ya swala ya alfajiri, pamoja na chai, kabla ya kufunga mlango usiku. Asiyesoma mchoreeni jua na mwezi kwenye bahasha. Ya kuongeza mkojo apewe asubuhi, la sivyo usiku mzima yuko njiani kwenda chooni.

Mama_Jiko
Chumvi mnamweleza mtu asiyeshika mwiko! Anayepika ni mkamwana. Mwiteni yeye, msimlaumu, mpigieni hesabu ya pakiti. Kiasi kisichozidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo ya samaki mkavu na ya viungo vya pakiti. Nyumba ya watu 7 ni gramu 35 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya wiki mbili. Ikiisha kwa siku 6, mmeshajua. Mukene (dagaa) aliyekauka kwa chumvi aloweke, amwage maji ya kwanza, ndipo apike bila kuongeza nyingine.

Mkongojo
Nakubaliana. Ila somo la uani msilifute, kukutana kwenyewe kunawafaa. Badala ya hotuba, wafanye kuinuka kitini mara 10 bila kushika, kwa wanaoweza, muuguzi au VHT (mhudumu wa afya wa kijijini) akiwa karibu. Pimeni pia: ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi akae. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Tazameni na fimbo. Akisimama wima amevaa viatu, mkono umening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, na aishike upande wa mguu mzima. Wengi wanaishika upande wa mguu mbovu. Ncha ikiteleza, fundi wa lugabire (kandambili za tairi) atakata kipande cha tairi.

Sista_wa_Jumatano
Asanteni sana. Na huyu mjukuu anayetafsiri?

Bi_Vipimo
Mambo ya mkojo kuvuja, choo, au kupigwa nyumbani, mzee hatayasema mbele ya mtoto wa miaka 12, hasa bibi. Tafuteni VHT mtu mzima anayeijua lugha, wa jinsia ileile ikiwezekana, naye aahidi kutunza siri. Hata hivyo mtazame mzee, umsemeshe yeye, usiseme "mwambie anywe". Salimu kwanza kwa desturi ya kwao, muulize anapenda aitweje. Si kila mmoja anafurahia kuitwa jaja (babu au bibi) na mgeni.

Mwishoni usiulize "umeelewa?", jibu unalijua. Sema: "Mzee, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utamwambia nini mkeo kuhusu vidonge hivi?" Akikosea, kosa ni la maelezo yako, eleza upya kwa njia nyingine, umuulize tena. Mambo mawili, yakizidi matatu, kwa ziara moja.

Kopo_la_Dawa
Nyongeza moja. Aliyekuwa sawa juzi na leo anaweweseka, au anasinzia na kuzinduka, msiandike "uzee". Pimeni malaria, sukari na mkojo, sikilizeni mapafu, angalieni ulimi kama umekauka, kisha ulizeni dawa gani mpya imeingia wiki hii. Siku hiyohiyo, si Jumatano ijayo.