Orodha ya LIST kwenye C: jina la faili linakatika

fundi_ngara: Wadau, naandika programu ya C inayovuta faili za mauzo usiku kutoka seva za FTP (itifaki ya kuhamisha faili) za wateja hapa Nairobi. Nikituma LIST, amri ya kuorodhesha faili, seva moja inatoa hivi:

`-rw-r--r-- 1 duka duka 48213 May 14 23:40 mauzo ya Mei.csv`

`sscanf` yenye `%s`, ambayo huishia kwenye nafasi, inaniachia "mauzo" tu. Nyingine ni ya Windows, inaanza na `05-14-24 11:40PM`. Mnazisomaje?

mama_kodi: RFC 959 ya 1985, hati ya kiwango cha FTP, haikupanga umbo la LIST, kila seva hujiandikia. Tuma FEAT kwanza, seva ikutajie amri za ziada inazojua. Ukiona MLST, achana na LIST, tumia MLSD ya RFC 3659, orodha yenye umbo moja kwa seva zote:

`type=file;size=48213;modify=20240514204000; mauzo ya Mei.csv`

Jina ni chochote baada ya nafasi ya kwanza: itafute kwa `strchr`, kisha songa hatua moja. Saa ni UTC, ndiyo maana 20:40 hapo ni 23:40 yetu. Tumia `timegm`, inayoisoma kama UTC; `mktime` huisoma kama saa ya hapa, itakurudisha nyuma saa tatu, na mteja atakupigia simu alfajiri.

kijana_wa_pipeline: Bila MLSD, angalia herufi ya kwanza ya kila mstari wa LIST: tarakimu ni Windows, `-` au `d` ni Unix. Jina lisome kwa `%255[^\r\n]`, yaani hadi mwisho wa mstari. Mwaka usipokuwepo weka wa sasa. Tarehe ikiangukia mbele, punguza mmoja. Ama chukua `ftpparse`, msimbo wa C wa D. J. Bernstein wa kusoma LIST, unajua ya Unix na ya Windows.

fundi_ngara: Asanteni. Ile ya Windows haina MLST, naijaribu `ftpparse` leo.