Krapi walijaa mwezi wa nne, sasa mwezi wa sita sipati hata mmoja, wameenda wapi?

mgeni_wa_bwawa

Wakuu habari za wikiendi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na hawa samaki wanaitwa krapi (wengine nasikia wanatamka kropi, mi naandika krapi tusigombane). Niko magharibi ya Kentucky, Marekani, na navulia Kentucky Lake, boti sina, ni miguu yangu na ndoo, ufukweni au kwenye gati.

Mwezi wa nne nilijiona fundi kabisa. Natupa kidagaa hai chini ya boya, futi tatu tu, pembeni ya vichaka vilivyomezwa na maji, boya halikai dakika tano. Masaa mawili nimemaliza nageuka nyumbani. Nikaanza hadi kuwapigia simu watu kuwasimulia. Sasa tangu mwishoni mwa Mei naenda palepale, boya lilelile, kinachokuja ni vi-blugili (visamaki vingine vidogo) vya ukubwa wa kiganja cha mtoto vinadonoa chambo mpaka kinaisha. Vile vichaka vyenyewe sasa hivi havina samaki kabisa.

Jumamosi jamaa mmoja akanichukua kwenye boti yake, sona (kile kifaa cha skrini kinachoonyesha samaki chini ya maji) ikaonyesha kundi limening'inia futi 20, na chini kabisa ilikuwa kama futi 28. Nikashusha chambo mpaka karibu na tope nikakaa saa nzima. Hola. Jamaa alipata watatu, mi nilipata mmoja wakati navuta mshipi juu niondoke, na huyo naye akachanika mdomo akadondoka nikimuona kabisa kwa macho yangu. Yaani nimerudi nyumbani kimya.

Swali: wamehama bwawa au mimi ndo sijui? Na mtu asiye na boti kiangazi hiki anafanyaje?

---

mzee_wa_mashina

Kijana, pole. Mwezi wa nne hukuwa fundi, samaki ndo walikufuata, na mwezi huu hujawa mjinga, ni wao wameondoka. Usikasirike, wote tulipita hapo.

Krapi anapanda maji mafupi kutaga pale joto la maji linapofika kama digrii 60 hadi 68 za Farenhaiti, yaani 16 hadi 20 za Selsiasi. Dume anafagia kiota, jike anakuja anataga anaondoka, dume anabaki analinda mayai. Ndo maana mwisho mwisho wa msimu ulikuwa unapata madume tu, weusi weusi kifuani na usoni, kumbuka vizuri utaniambia. Mayai yakishatotolewa na maji yakipata moto hana biashara tena pale kwenye kichaka. Anarudi alikotoka.

Sasa alikotoka ni wapi. Hilo ziwa unaloliona ni mto Tennessee uliozibwa, bwawa lilikamilika 1944, na chini ya maji mto wa zamani bado upo na vijito vyake vyote na kingo zake. Krapi anazitumia zile kingo kama barabara. Wakati wa kutaga anapandisha na kijito mpaka mwisho wa hori, kiangazi anashuka nacho mpaka pale kijito cha zamani kinapokaribia mto mkubwa, na njiani anasimama penye kitu: shina, rundo la matawi, vigingi watu walivyopigilia. Idara ya wanyamapori ya jimbo wamezamisha marundo mengi na wameweka ramani zake mtandaoni bure kabisa, nashangaa watu hawaangalii.

Halafu kuna hili la maji yenyewe. Wenye bwawa wanalijaza masika mpaka futi 359 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Julai wanalishusha pole pole mpaka 354 wakati wa baridi. Futi tano unaona ndogo, ila ufukwe wa kule ni bapa, kwa hiyo kichaka ulichovulia mwezi wa nne ukija mwezi wa kumi utakikuta nchi kavu umekalia juu yake unakula karanga.

Ila kosa lako kubwa la Jumamosi ni kina. Angalia macho ya krapi, yamekaa juu ya kichwa, na mdomo umeelekea juu. Huyu anakula cha juu yake, hainami kuokota. Kundi lilikuwa futi 20 wewe ukapeleka chambo 27, umewapita ukaenda kukaa chini ya miguu yao. Ungeweka 17 au 18. Na yule mmoja uliyempata ulimpata unavuta juu, si ndiyo? Chambo kilipita mbele ya uso wake ndo akakiona. Samaki alikujibu mwenyewe pale pale.

---

sona_ndo_mpango

Mi nasema ukweli tu mtachukia. Bila sona ya kuangalia mbele siku hizi unapoteza muda. Unamuona samaki mmoja mmoja, unaona na chambo chako kinavyomsogelea. Uza ulivyonavyo nunua sona mkuu.

---

mzee_wa_mashina

@sona_ndo_mpango huyu hana hata boti, sona ataifunga kwenye ndoo? Krapi wako aina mbili, mweupe na mweusi, na krapi mweupe anayeshikilia rekodi ya dunia mpaka leo, pauni 5 na aunsi 3, alitoka bwawa la Enid kule Mississippi mwaka 1957. Nambie alionekana kwenye skrini gani.

---

dada_ndoano

Wazee acheni kwanza, kaka kauliza na la mdomo kuchanika na hakuna aliyemjibu 😂

Kaka, krapi mdomo wake una utando mwembamba kama karatasi, shika mmoja umuinue kwenye jua utaona mwanga unapita. Wewe inaonekana unamkwanyua kama kambare. Krapi hakwanyuliwi, ananyanyuliwa. Boya likionyesha kitu unainua ncha ya rodi taratibu mpaka usikie uzito halafu unaendelea kukunja bila kulegeza na bila kuongeza nguvu. Na uwe na wavu wa mkono, usimrushe hewani mpaka kwenye gati, wengi wanadondokea hapo.

Mshipi tumia wa pauni 4 au 6. Ndoano namba 4 au 2 ile ya waya mwembamba, ikinasa kwenye tawi unavuta polepole inanyooka inatoka, unaikunja tena kwa koleo unaendelea, ile nene utaacha boksi zima chini ya maji. Kidagaa kitoboe midomo yote miwili au mgongoni chini ya pezi, usiguse uti wa mgongo maana ukigusa kinakufa na kilichokufa kinaning'inia tu kama soksi.

Halafu hilo boya lako la kubana ndo linakufunga kwenye futi tatu. Huwezi kutupa mshipi wenye futi kumi na tano zinaning'inia chini ya boya utajinasa masikio. Tafuta boya la kuteleza, lina tundu katikati mshipi unapita, juu yake unafunga kifundo kidogo cha uzi na shanga. Unatupa kawaida, chubwi inavuta mshipi kupitia boya mpaka kile kifundo kinagonga shanga na kusimama. Ukitaka kina kingine unasogeza kifundo kwa kucha. Basi.

Na kitu ambacho mimi kilinichukua msimu mzima kukijua: sio kila mara boya linazama. Krapi akija kutoka chini anabeba chambo anapanda nacho, uzito wa chubwi unatoka kwenye boya, na boya linalala ubavu juu ya maji kama limechoka. Watu wanakaa wanasubiri lizame, kumbe samaki yuko nacho mdomoni anakitafakari. Likilala tu nyanyua.

---

wa_mtoni

Naona humu ni bwawa bwawa tu sisi wa mtoni hatuhesabiki. Mimi navulia mto na vidimbwi vyake na nakula krapi mwaka mzima kwa hiyo nitasema machache.

Mtoni sheria ni moja, krapi hapendi mkondo. Bwawani unatafuta kina, mtoni unatafuta maji yaliyosimama. Vijiziwa vya kona za mto wa zamani zilizokatika, mdomo wa kijito kinachoingia mtoni, nyuma ya kingo za mawe zilizojengwa kuingia mtoni, nyuma ya mti mkubwa ulioanguka. Nikifika mahali natupa jani, likikaa navua, likiondoka na mimi naondoka.

Maji yakipanda wanaingia nayo kwenye msitu uliofurika, mule ndani kwenye miti utawakuta futi mbili za maji. Yakianza kushuka wanatoka haraka sana, hawataki kunaswa, hapo nenda kakae kwenye mlango wa kidimbwi ambapo maji yanatoka kurudi mtoni, ni kama stendi ya basi. Siku maji yanashuka kasi ndo siku ya kuomba ruhusa kazini.

Maji yakiwa tope usikate tamaa, ila vulia juu zaidi na uweke rangi inayoonekana, mi natumia jigi (ndoano yenye kichwa cha risasi na chambo bandia) nyeusi yenye mkia wa kijani kibichi kinachowaka. Kwenye tope utapata zaidi krapi mweupe, krapi mweusi anapenda maji safi na magugu. Kuwatofautisha usiangalie rangi, rangi inadanganya hasa madume wakati wa kutaga, hesabu miiba ya pezi la mgongoni: mweupe 5 au 6, mweusi 7 au 8. Sufuriani lakini wote ni sawa tu.

Jigi ya aunsi moja ya kumi na sita inatosha, kama kuna upepo mdogo nenda hata moja ya thelathini na mbili maana inashuka taratibu. Na kifundo chako kikae juu ya shingo ya jigi ili ilale bapa majini. Kila ukishika samaki kifundo kinateleza kuja mbele, jigi inaning'inia kichwa juu mkia chini, hapo unavua picha. Kirudishe kila mara.

---

mgeni_wa_bwawa

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mzee @mzee_wa_mashina bado swali la asiye na boti, kina nitakijuaje bila sona?

---

mzee_wa_mashina

Shikamoo ungeanza nayo 😄

Bila boti kiangazi nenda usiku. Tafuta gati lenye maji marefu au yale mawe ya chini ya daraja karibu na nguzo, taa ielekezwe majini. Mwanga unakusanya viumbe vidogo vya majini, shadi wadogo (samaki wadogo wanaoliwa na wakubwa) wanafuata hivyo, krapi anafuata shadi. Usitegemee dakika kumi, taa inataka saa nzima kabla meza haijaandaliwa.

Kina unakipima kwa mkono. Shika mshipi kati ya rili na kipete cha kwanza cha rodi, vuta mkono pembeni mpaka unyooke, achia ushuke. Hiyo ni hatua moja. Pima kwako mara moja kwa tepu, kwangu ni futi mbili. Anza hatua nne, kaa dakika kumi, ongeza moja, kaa tena. Ukipata samaki kumbuka namba, wenzake wako hapohapo. Anzia juu ukishuka, wewe una ugonjwa wa kuanzia chini.

Na kwenye mabwawa yaliyotulia kiangazi kuna mpaka ndani ya maji, juu ya moto chini ya baridi, na chini ya ule mpaka hewa ya kupumua inaisha. Kushusha chambo huko ni sawa na kuvua kwenye kabati. Kentucky Lake maji yanatembea kwa hiyo halina sana hilo, ila ukienda mabwawa mengine likumbuke.

Leseni uwe nayo mfukoni, na ziwa hilo limekaa majimbo mawili, Kentucky na Tennessee, ujue umesimama wapi. Beba rula. Urefu wa chini wa krapi upande wa Kentucky mimi naujua ni inchi 10 ila sheria hubadilika, angalia kitabu cha mwaka huu usije ukasema mzee wa mtandaoni kaniambia.

---

mgeni_wa_bwawa

Shikamoo mzee, nisamehe 🙏 

MREJESHO. Jana nimeenda darajani, jua limezama saa mbili na kitu usiku, taa nikawasha. Saa nzima ya kwanza mbu wananila mimi na hakuna anayekula chambo. Hatua nne bila, tano bila, sita bila. Kama saa nne hivi vidagaa vikaanza kuzunguka kwenye mwanga kama sarafu zinamwagika, nikaweka hatua saba na nikamgeukia mwenzangu kumuomba maji, kugeuka boya limelala ubavu. Limelala tu! Dada @dada_ndoano nilikukumbuka nikasahau hapohapo nikakwanyua kwa nguvu zote, mdomo ukachanika.

Wa pili nikanyanyua taratibu. Yule alikuja. Mpaka saa sita usiku tisa, wote hatua saba au saba na nusu, nikishuka nane kimya. Wawili walikuwa wafupi kwenye rula nikawarudisha. Saba nimewatoa minofu asubuhi hii, wana miiba michache hao samaki, mtoto kala bila mtu kumchambulia.

Sasa nina vidagaa kama thelathini vimebaki hai kwenye ndoo, nivimwage ziwani au?

---

wa_mtoni

Usimwage. Chambo cha dukani hujui kimetoka maji gani. Hilo ziwa lina shida yake tayari na wale samaki kapu (carp) wa Kichina wanaoruka, usiongeze mengine. Na usichote shadi huko ukahamishia bwawa lingine, watoto wa wale kapu wanafanana nao sana, sheria nayo haitaki.

Weka pampu ya hewa na chupa ya barafu ndani ya ndoo, vitafika kesho. Vikifa vifunge kwenye mfuko takataka.

---

mgeni_wa_bwawa

Pampu ninayo. Kesho basi niko tena darajani, hatua saba. Mwenye dawa ya mbu isiyonuka mpaka kwenye chambo anitajie.