Fundi wa sola kaniingiza mjini: paneli nne juu ya bati, giza saa tisa usiku

Wakuu, nimenyamaza miezi minane, leo acheni nitapike.

Nilimwita fundi anifungie sola nyumbani. Akaja, akatazama paa dakika tano, akataja vifaa. Hakuuliza kama nina friji. Hakuuliza usiku tunawasha nini. Kazi ikaisha siku hiyo hiyo na mimi, mjinga, nikamsifu kwa wepesi.

Wiki ya tatu inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, ikaanza kulia saa tisa usiku, kisha giza. Nampigia: "Bosi, mawingu hayo." Jua likawaka wiki nzima, nampigia tena: "Betri bado inazoea." Inazoea! Kwani ni mtoto anayeanza shule?

Ikabidi nikae na karatasi mwenyewe. Betri mbili za asidi, volti 12, ampia-saa 100 kila moja: zikijaa zinabeba umeme wa jumla wati-saa 2,400. Betri za aina hii ukizishusha chini ya nusu kila siku unaziua, kwa hiyo za kutumia kwa amani ni 1,200 tu. Usiku wangu, friji na televisheni na taa, unakula karibu 1,700. Hesabu ya darasa la nne hiyo, na fundi hakuipiga. Asubuhi nikipima napata volti 11.6, wakati betri iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7. Sasa hazishiki chaji kabisa.

Na paneli zenyewe je? Kaziunga zote nne kwa mfululizo, yaani umeme unapita paneli moja hadi nyingine kwa njia moja, ya mwisho kaibandika ubavuni mwa tenki la maji. Ikifika saa nane mchana kivuli kinailalia, na kwenye mfululizo paneli moja ikizidiwa inaweza kuburuta na wenzake. Upande wa pili wa paa uko mtupu hadi leo! (Bati linavuja pia pale alipotoboa, ila hilo nimelitegea ndoo.)

Kilichonileta hapa hasa ni waya. Jana nimegusa ule unaotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta, nusura niungue. Inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12 ikibebeshwa mzigo wake wote inavuta ampia 83 na ushee, na bwana huyu kaweka waya wa soketi za ukutani, ule mwembamba wa milimita za mraba 2.5. Fyuzi hakuna, hata moja. Nyuma ya ukuta huo wanalala watoto. Nimechomoa kila kitu, tunamulika kwa simu.

Nimempigia. Anasema ninunue betri mbili mpya, "mtambo utakaa sawa". Waya ule ule, kivuli kile kile! Nikamwambia aje kwanza aushike huo waya kwa mkono wake. Tangu hapo simu haipokelewi.

Risiti ninayo, imeandikwa vifaa tu, neno dhamana halimo. Waliowahi kumbana fundi wa namna hii hadi akarudi, mlianzia wapi?