Agizo la Julai 2025 na machungwa ya Muheza: nani mwingine amevunjika moyo?

Binti Mkuzi
Assalaam aleykum wana-Tanga. Nina shamba la michungwa Muheza, la kurithi, na hili ninaloandika nimekaa nalo moyoni tangu litoke agizo lile la serikali yetu la kuwazuia wasio raia kununua mazao shambani.

Mama Samia alipokwenda Nairobi Mei 2021, hata miezi miwili hajatimiza Ikulu, nilisikiliza hotuba yake kwenye bunge la Kenya mwanzo mpaka mwisho. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka migumu. Mwaka 2017 serikali yetu ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya, ikachoma moto vifaranga 6,400 vya kutoka Kenya mpakani Namanga. Ikaja korona, malori yakakwama mipakani. Nao Wakenya Machi 2021 wakazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Nikasema alhamdulillahi, tumepata kiongozi anayekaa na jirani wakazungumza.

Sasa tunaambiwa asiye raia haruhusiwi kufanya biashara 15, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Faini isiyopungua milioni 10 au kifungo mpaka miezi 6, na viza inafutwa. Mtanzania ukimsaidia, nawe una faini ya milioni 5 au miezi 3 ndani.

Machungwa ya Muheza nani anayabeba kwa wingi kama si Wakenya? Wanakuja na malori hadi shambani, wanakagua mti kwa mti, bei tunapatana palepale chini ya mchungwa, pesa mkononi. Wachumaji wanalipwa, wapakiaji wanalipwa, mama ntilie anauza wali. Kilio cha wafanyabiashara wa Kariakoo, kwamba wageni wanawachukulia biashara zao, nakijua na ni cha haki. Lakini mnunuzi wa Mombasa hajamnyang'anya mtu nafasi huku kwetu. Yeye ndiye soko lenyewe! Kwa nini wamewekwa kapu moja? Nauliza kwa uchungu, maana Mama nilimwamini.

Mdigo wa Duga
Uko sawa kabisa, dada. Sisi wa Duga nusu ya ukoo iko Lunga Lunga, upande wa Kenya, tunaozana na kuzikana. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ya kufungua mipaka kwa watu na bidhaa, imeanza kutumika Julai 2010. Leo mjomba wangu akivuka kuja kununua muhogo shambani kwangu ni mhalifu? Nao wakiamua kulipiza, vijana wetu waliopo Mombasa watakwenda wapi?

Dalali wa Michungwani
Hapo tunapishana. Mkenya akiingia mwenyewe shambani anamkuta mkulima kabanwa na ada ya mtoto, ananunua shamba zima likiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Sasa atanunua sokoni na halmashauri itapata ushuru wake. Hajakatazwa kununua, amekatazwa kuingia shambani. Mama yuko sahihi.

Binti Mkuzi
Kaka, kuuza maua kupo na kunaniuma kama kunavyokuuma. Ila wanaonunua maua wengi ni Watanzania wenzetu, na agizo halikuwagusa. Mkulima aliyebanwa anataka mkopo wa ushirika wenye masharti nafuu. Wakibaki madalali peke yao shambani, nani atashindana nao kwenye bei?

Mzee wa Chongoleani
Wanangu, bomba la mafuta la Uganda, kilomita 1,443, Kenya ililitaka lipite kwake. Limekuja Chongoleani, hapa Tanga, kwa watu kukaa kitako na Museveni. Hili la mazao nalo lipelekwe Arusha, kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuzungumze. Tena binti, waliokuwa na leseni kabla ya agizo wameachwa mpaka ziishe muda. Muulize mnunuzi wako kama anayo.

Binti Mkuzi
Shikamoo mzee, na ahsante. Nitamuuliza, ingawa wengi wao wanakuja na lori na pesa tu, leseni ya huku hawajawahi kuikata. Mwenye njia ya kumfikishia mbunge wetu jambo hili kabla machungwa hayajaiva, naomba anielekeze.