Majumba ya kifahari ya Uingereza: mgeni aelezwe fedha zilikotoka, au aachwe atembee kwa raha zake?

Mpita Njia

Wadau mnaoishi Uingereza, na nyie mnaokuja kutembelea ndugu, naleta hoja. Kila kiangazi watu humiminika kwenye yale majumba makubwa ya mashambani: Chatsworth, Blenheim, Harewood, Dyrham Park. Unakata tiketi, unapita chumba baada ya chumba cha picha za mababu na vitanda vyenye mapazia, unazunguka bustani, unamalizia kwa chai na skonzi za krimu na jemu. Je, humo ndani mgeni aelezwe kinagaubaga fedha za kujengea zilitoka wapi?

Kwa asiyeujua ugomvi wenyewe: Septemba 2020 National Trust, shirika la hisani lililoanzishwa 1895 na linalotunza mamia ya majengo ya kale, lilitoa ripoti iliyotaja sehemu zake 93 zenye uhusiano na utumwa au ukoloni. Moto ukawaka. Chartwell, nyumba aliyoishi Winston Churchill, nayo imo, na hapo ndipo wengi walipopandwa na hasira. Mamlaka inayosimamia mashirika ya hisani ikaingilia, na Machi 2021 ikasema hakuna sheria iliyovunjwa. Mwaka huohuo likazaliwa kundi la Restore Trust, linalotaka shirika litunze paa na kuta, siasa liwaachie wanasiasa.

Mimi nasema aelezwe, tena palepale kitu kilipo. Chukueni Dyrham Park, karibu na Bath. Aliyeijenga ni William Blathwayt, ofisa wa serikali aliyekuwa mkaguzi wa mapato ya makoloni mwishoni mwa karne ya 17. Kati ya vitu vya nyumba ile kuna stendi mbili za kuwekea vitu. Kila moja ni sanamu ya Mwafrika aliyepiga goti, kafungwa minyororo, kainua juu sinia la umbo la ganda la kombe wa baharini. Ukiwa umetoka kushangaa vyungu vya Kiholanzi vya buluu na nyeupe, unaweza kuzipita ukadhani ni fanicha kama fanicha nyingine. Ripoti ya kwenye tovuti haimsaidii mtu aliyesimama mbele ya kitu kile.

Mama Shani

Kaka, nakupinga. Mimi kazi yangu ni kulea wazee, na mara kwa mara tunawapeleka kwenye nyumba hizo. Mtu wa miaka 85 anakwenda kuona mawaridi, anywe chai, arudi. Kila chumba kikiwa na kibao cha kumsuta, mwakani hatarudi.

Na mnawasahau wanaosimama vyumbani. Wengi ni wastaafu wanaojitolea, hawalipwi senti. Mmoja aliniambia anafokewa na pande zote mbili: huyu anamuuliza kwa nini anaficha mambo ya utumwa, yule anamuuliza kwa nini anaitukana Uingereza. Yeye alikuja kueleza saa ya ukutani.

Kombo wa Mkunazini

Mama Shani, heshima yako, ila nani kasema kueleza ni kusuta? Harewood pale Yorkshire imejengwa kati ya 1759 na 1771 kwa utajiri wa ukoo wa Lascelles, na utajiri huo ni sukari ya Karibiani na biashara ya watumwa. Bunge lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Wakalipwa wamiliki! Lodi wa Harewood peke yake alipata zaidi ya pauni 26,000. Mtumwa hakupata hata sumni, na bado alitakiwa kuendelea kufanya kazi kwa miaka kadhaa kwa jina la mwanagenzi. Hiyo ni hesabu ya nyumba, kama ilivyo hesabu ya marumaru na dari.

Na sisi wa Unguja tusijifanye wageni wa habari hii. Mwaka 1897, Waingereza walipomsimamia Sultani kufuta hadhi ya utumwa, fidia ilikwenda kwa wenye watumwa vilevile. Leo ukifika Mkunazini, kanisa lilipojengwa juu ya soko la watumwa, mwongozaji anakueleza kila kitu bila kumung'unya maneno, na watalii hawajakoma kuja. Ukienda Shangani kwenye nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, watu wanapiga picha mlango wa nakshi, wanaondoka. Mkunazini nimeona watu wakitoka na maswali. Shangani wanatoka na picha.

Fundi Paa

Nyote mnaongea kama vile nyumba zinajisimamia zenyewe. Nimefanya kazi ya kuezeka kwenye jengo la namna hiyo. Madini ya risasi ya kuezekea paa peke yake inaweza kumfilisi tajiri. Zaidi ya majumba elfu moja yalibomolewa karne ya 20, kwa sababu warithi hawakuweza kodi ya urithi wala mishahara ya watumishi. Sheria ya 1937 ndiyo iliyofungua njia: mwenye nyumba anaikabidhi kwa National Trust, familia inabaki kuishi humo, umma unaingia kutazama. Bila wanachama na wageni, mvua inaingia ndani. Kisha mtaweka kibao chenu wapi?

Mpita Njia

Fundi, hoja ya paa naikubali. Ila ripoti imetoka 2020 na wanachama leo ni zaidi ya milioni tano. Paa lipi limevuja kwa sababu ya kibao?

Fundi Paa

Sijasema limevuja. Nimesema usimchoshe anayelipia.

Nyota Leeds

Harewood naijua, ipo karibu na kwetu. Haimo mikononi mwa National Trust, ni ya wakfu wake wenyewe, na wao wamechagua njia nyingine. Kwenye kuta zilizojaa picha za ukoo wameanza kutundika picha za watu weusi. Mmoja ni Arthur France, mwanzilishi wa kanivali ya Wakaribiani ya Leeds. Mwingine ni mwigizaji David Harewood. Mababu zake walikuwa watumwa wa Lodi huyohuyo kule Barbados, na jina la ukoo alilonalo limetoka hapo. Ukisimama mbele ya picha ile huhitaji aya tatu za maelezo.

Mama Shani

Hiyo nimeipenda. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Picha hainifokei.

Kombo wa Mkunazini

Picha mpya sawa, lakini vitu vya zamani je? Dunham Massey, karibu na Manchester, mbele ya nyumba palikuwa na sanamu ya Mwafrika aliyepiga goti amebeba saa ya jua kichwani. Juni 2020 National Trust wakaiondoa. Mimi naona walikosea. Ukiiondoa bila kusema neno, umemfanyia kazi yule asiyetaka kusikia. Anaingia, anaona nyasi zimekatwa vizuri, basi.

Mpita Njia

Hapo tunaachana, Kombo. Mwanangu hawezi kukaribishwa kwenye mlango wa nyumba na mtu wa rangi yake aliyepigishwa magoti. Iwekwe ndani, kwenye chumba cha historia, na maelezo yake yote.

Mama Shani

Ndani, ndiyo. Na maelezo yawe kwenye kijitabu mlangoni, anayetaka achukue.

Mpita Njia

Vijitabu vya mlangoni nimeviona, dada. Watu wanavitumia kujipepea.

Fundi Paa

Kwa vile mnabishana sana: nani kati yenu ana kadi ya uanachama? Kila mwaka shirika lina mkutano mkuu, wanachama wanapigia kura maazimio na wajumbe wa baraza. Restore Trust wanalijua hilo, ndiyo maana wanasimamisha watu wao. Mimi kadi ninayo, na kura yangu naipa paa.

Nyota Leeds

Yangu naipa kibao. Mwenye kadi ya familia apige hesabu, watu wazima wawili ni kura mbili.