Nyama tulichanga watano, faini ya Firenze nimebeba peke yangu

Wakuu, habari za usiku. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na ni mrefu, asiyetaka kusoma hasira za watu apite tu, hatutagombana.

Jana nimekaa zangu, simu ikalia. Ujumbe: "Dada, Jumamosi twende Ravenna, wewe si una leseni? Tukodi gari tuchangie." Nikaweka simu mezani, nikanywa maji, nikaichukua tena kuhakikisha nimesoma sawasawa. Aliyetuma nitamwita Mwalimu, na mtaelewa kwa nini.

Tuko Wabongo watano hapa Bologna, Italia. Mwaka jana mwezi wa tano tukapanga kwenda Firenze (ndiyo Florence), asubuhi kwenda na jioni kurudi. Treni ya kasi inafika kwa dakika 40 hivi, lakini mwenzetu mmoja, huyu ni Fundi Ramani, akapiga hesabu kwamba gari la kukodi, mafuta na tozo ya barabara tukigawana ni nafuu kuliko tiketi tano. Mwenye leseni ya Kiitaliano ni mimi peke yangu. Ule mtihani wa maswali 30, ukikosea manne umefeli, nimeufanya mara mbili ndipo nikapita. Kwa hiyo kadi ya benki ikatoka kwangu, na jina kwenye mkataba likawa langu.

Na mimi nilisema mapema, ushahidi uko kwenye grupu: ukitoka Bologna kwa barabara kuu ya A1, ukifika usawa wa Scandicci kuna maegesho ya Villa Costanza. Unaingia kutoka humo humo barabara kuu, hata kibanda cha tozo hujakigusa. Unaacha gari, unapanda tramu ya T1, unashuka stesheni ya Santa Maria Novella, umeshafika mjini. Wakanicheka. Mmoja akaandika, "Tumekodi gari halafu tupande tramu? Dada acha ushamba." Sawa. Mshamba mimi.

Njiani raha tupu. Siku hizi kuna ile njia ya Variante di Valico, iliyofunguliwa Desemba 2015, inapita chini ya milima kwa mahandaki, gari linateleza tu. Watu wanaimba, wanakula karanga, maganda yote kwenye gari lenye jina langu.

Tumeingia kwenye zile barabara pana zinazozunguka mji wa kale. Zamani hapo palikuwa na kuta, zikabomolewa Firenze ilipokuwa makao makuu ya Italia, 1865 hadi 1871. Mtu asidhani ndiyo mji umebaki wazi, siku hizi kuta ni kamera. Sehemu kubwa ya mji wa kale ni ZTL, yaani eneo lenye zuio la magari, gari lisilo na kibali haliingii saa za katazo, na kila mlango una kamera inayosoma namba.

Fundi Ramani kashika simu: "Kata kulia hapo." Nakata, naona mbele bango jeupe la mviringo lenye duara jekundu. Moyo ukasema hapana. Pembeni yake kuna kibao cha taa, maandishi mekundu: VARCO ATTIVO. Nikapunguza mwendo, teksi nyuma ananipigia honi. Nikauliza kwa sauti, jamani hii imeandikwa nini? Mwalimu, ambaye hatupumziki kuambiwa kwamba amesoma kozi ya Kiitaliano hadi ngazi ya B2, akapaza sauti kutoka kiti cha nyuma: "Varco ni mlango, attivo ni unafanya kazi. Mlango uko wazi! Ingia dada, ingia!"

Nikaingia.

Kumbe kinachofanya kazi ni kamera. Attivo maana yake katazo liko hewani, usipite. Ukitaka kupita unasubiri iandikwe NON attivo. Najua mtasema dereva ni wewe na mtihani ulifanya wewe. Ni kweli, na hilo silikatai. Lakini ukiwa na honi nyuma, sauti nne ndani ya gari zinasema ingia, na barabara upana wake kama uchochoro wa Kariakoo, jaribu wewe kufikiri.

Kwa kuwa Mungu hachoki kutufundisha, tulizunguka humo, tukatokea nje, ramani ikatupeleka ng'ambo ya mto Arno, tukaingia mlango mwingine. Kamera ya pili. Gari lenyewe tukaishia kuliacha maegesho ya kulipia kwa saa, mbali, tukatembea.

Kuhusu mji sina mengi. Tulienda Jumatatu kwa sababu gari lilikuwa rahisi siku hiyo, na Jumatatu makumbusho ya Uffizi imefungwa, na Accademia anakokaa David, ile sanamu ya Michelangelo, nayo imefungwa. Mmoja wetu akapiga picha na David wa pale Piazza della Signoria akaandika "live na original", wakati wa kweli alihamishwa tangu 1873 na huyo wa uwanjani ni nakala. Kupanda kuba la Brunelleschi, lile la kanisa kuu, ngazi 463, tiketi za siku hiyo zilikuwa zimekwisha. Tukalitazama kutoka chini. Ni zuri, siwezi kudanganya, hata mwenye hasira linamnyamazisha.

Mchana tukakaa mgahawani. Mimi nikaagiza ribollita, supu ya maharage na mkate na sukuma wiki yao nyeusi, euro 9. Mwalimu akaona kwenye menyu bistecca alla fiorentina, euro 6. "Steki euro sita! Leteni!" Ikaja nyama nene kama Kamusi ya Kiswahili Sanifu, nje imeungua, ndani inavuja damu. Mimi nyama isiyoiva siigusi, nikaendelea na maharage yangu. Bili ikaja: kilo moja na gramu 300, euro 78. Ile 6 ilikuwa ya etto, yaani gramu 100, na ilikuwa imeandikwa kabisa pembeni. Kelele. Mhudumu wa watu akasimama tu na daftari lake.

Sasa sikieni hoja ya Mwalimu pale mezani: "Jamani tumekuja pamoja, tukipatwa tumepatwa wote, tugawane." Nikatoa euro 15.60 za nyama nisiyoonja. Sikusema neno. Mshikamano.

Mwezi wa saba, kampuni ya kukodisha ikakata euro 49 kwenye kadi yangu, kisha 49 nyingine. Hiyo si faini, ni ada ya wao kuwaandikia polisi kwamba dereva alikuwa mimi. Mwezi wa kumi nikakuta karatasi kwenye sanduku la barua, nikaenda posta, nikapewa bahasha mbili za kijani. Mkiishi huku mnajua bahasha ya kijani haileti salamu. Faini mbili, kila moja euro 83 na gharama za kutuma. Ukilipa ndani ya siku tano unapunguziwa asilimia 30, pointi za leseni hazikatwi, afadhali.

Nikapiga picha zote nikaweka kwenye grupu. Nikaandika: baada ya punguzo 146.20, na ada 98, jumla 244.20, kila mtu 48.84. Mnitumie ndani ya siku tano tuwahi punguzo.

Tiki za bluu nne. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili Fundi Ramani akatuma video ya mtu anaanguka kwenye barafu. Siku ya tatu mmoja akajitoa kwenye grupu. Siku ya nne Mwalimu akajibu: "Pole sana dada. Ila kisheria kosa la barabarani ni la dereva."

Kisheria! Mbona nyama kisheria ni ya aliyeagiza, na tuligawana?

Nikalipa yote mwenyewe. Kwa pesa ya nyumbani ni karibu laki saba, ada ya shule ya mdogo wangu hiyo. Nikanyamaza tangu wakati huo, mpaka jana ninaulizwa kama nina leseni.

Naomba mnishauri, niwadai tena hadharani au niwafute kwenye simu? Na wanaosema "dada samehe", tafadhali semeni na kiasi mnachochangia.

NYONGEZA, saa tano usiku: Mwalimu kauona uzi. Katuma pesa. Euro 15.60. Kaandika, "Hiyo ni ya nyama, usiseme tena nakudai."